Rangi ya Gari Iliyochakaa: Pima Kina cha Mkwaruzo Kabla ya Kulipia Kazi

Magari mengi yanayotembea katika barabara za Tanzania yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika kwa miaka kadhaa kwingineko, hasa Japani. Yakifika hapa hukutana na jua kali, vumbi na, katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, hewa yenye chumvi. Si ajabu basi kwamba baada ya muda paa na boneti hupauka, milango hujaa mikwaruzo, na mwenye gari huanza kutafuta fundi.

Hapo ndipo fedha za watumiaji hupotea. Wapo wanaolipia kupaka gari zima rangi mpya ilhali kusugua na kung'arisha kungetosha. Wapo pia wanaolipia kung'arishwa kwa gari ambalo rangi yake imekwisha kabisa, na baada ya wiki chache hali hurudi ileile. Tunapenda mtumiaji aelewe jambo moja: tiba na bei yake hutegemea kina cha uharibifu, na kina hicho mwenye gari anaweza kukipima mwenyewe kabla ya kwenda gereji.

Matabaka ya rangi

Rangi ya kiwandani si kitu kimoja. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Kwa kawaida matabaka yote hayo kwa pamoja yana unene wa milimita 0.1 hadi 0.15 tu, na klia ni kama theluthi moja ya unene huo. Klia ndiyo inayoleta mng'ao na kuikinga rangi dhidi ya jua. Magari ya zamani zaidi, na baadhi ya magari meupe, hayana klia. Rangi yao ni ya tabaka moja lenye mng'ao wake.

Kutokana na wembamba huo, kila kusugua ni kupunguza. Hakuna polishi inayoweza kurudisha klia iliyokwisha kuondolewa.

Vipimo vinne vya nyumbani

Osha gari kwa maji mengi na sabuni ya magari, likaushe kivulini, kisha fanya yafuatayo:

1. Lowesha mkwaruzo kwa maji. Ukitoweka ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, umeishia kwenye klia.
2. Pitisha ukucha juu yake taratibu. Ukucha ukinasa, mkwaruzo ni wa kina, na kusugua peke yake huenda kusiuondoe.
3. Tazama rangi iliyo ndani ya mkwaruzo. Ukiona kijivu au rangi nyingine tofauti na ya gari, praima imefikiwa. Ukiona bati au wekundu wa kutu, kinga yote imekwisha.
4. Sugua sehemu iliyopauka kwa kitambaa cheupe chenye polishi kidogo. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, rangi hiyo ni ya tabaka moja au klia imekwisha mahali hapo.

Tiba kwa kila hali

Rangi iliyopauka tu, au yenye mikwaruzo myembamba ya juu, hutibiwa kwa kompaundi, kisha polishi, kisha nta. Anza na dawa iliyo laini kuliko zote, kwenye eneo dogo lisiloonekana sana, na uongeze nguvu pale tu isipofaa. Mkwaruzo mkubwa kidogo unaweza kusuguliwa kwa maji na msasa mlaini sana, wa namba 2000 au 3000, kabla ya kompaundi. Kazi hii inahitaji mkono mwepesi, hasa kwenye kingo na mikunjo ya bodi, maana huko rangi huisha upesi.

Mkwaruzo uliofika kwenye praima au bati, lakini ni mwembamba na mfupi, hujazwa kwa brashi ndogo. Ondoa kutu yote, paka praima ya kuzuia kutu penye bati, kisha rangi kwa mipako myembamba, ukiacha kila mpako ukauke, na umalizie kwa klia. Alama haitatoweka kabisa, lakini kutu itazuiwa, na hilo ndilo kubwa.

Klia inayobanduka kama ngozi iliyoungua na jua haitibiki kwa polishi. Sehemu hiyo haina budi kusuguliwa yote na kupakwa upya. Hata hivyo, si lazima kupaka gari zima ikiwa paa na boneti ndizo zilizoharibika.

Penye kutu iliyovimba, chunguza chini yake, hasa kingo za mudigadi na sehemu za chini ya milango. Bati lililotoboka hukatwa na kuunganishwa bati jipya. Kulijaza puti na kulipaka rangi ni kuficha ugonjwa. Kutu huendelea kula kwa ndani, na bodi iliyoliwa haiwalindi abiria ipasavyo wakati wa ajali.

Mambo ya kuepuka

Usisugue rangi kwa sabuni ya unga, mchanga au waya wa kusugulia masufuria. Mafuta ya taa huleta mng'ao wa muda mfupi tu na hunasa vumbi. Mafuta ya breki huharibu rangi. Yakimwagika, yaoshe mara moja kwa maji mengi. Kitambaa kilichoanguka chini kisirudi kwenye gari kabla ya kufuliwa, maana chembe za mchanga zilizonasa humo hufanya kazi ya msasa.

Aidha, tunawaasa watumiaji wasipulizie rangi majumbani. Rangi nyingi za kisasa huchanganywa na dawa ya kukaushia yenye kemikali ziitwazo isosayanati, zinazoweza kusababisha pumu, na barakoa ya kawaida ya vumbi haizizuii. Fundi anayepulizia rangi hizo anahitaji kinga maalumu ya kupumua, na watoto wasiruhusiwe kukaribia.

Makubaliano na gereji

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Bei ndogo kupita kiasi mara nyingi ina maana kwamba maandalizi yamerukwa: rangi imepuliziwa juu ya uchafu, kutu au klia inayobanduka. Pata makadirio ya gereji mbili au tatu, na umtake kila fundi akuonyeshe kwenye gari sababu ya kazi anayopendekeza. Kisha hakikisha makubaliano yanaandikwa, yakitaja:

- sehemu zitakazopakwa, na kama taa, vitasa na mipira ya vioo vitafunguliwa au vitafunikwa tu;
- namna kutu itakavyoondolewa, na aina ya praima, rangi na klia;
- namba ya rangi ya gari;
- bei yote, kiasi cha malipo ya awali na tarehe ya kukabidhi;
- muda wa dhamana, na yanayohusika nayo.

Namba ya rangi hupatikana kwenye kibati cha maelezo ya gari, ama sehemu ya injini ama kwenye nguzo ya mlango. Kwa magari ya Toyota, itafute penye herufi C/TR. 040, kwa mfano, ni nyeupe. Kumbuka kuwa rangi ya gari kuukuu imekwisha kufifia, hivyo namba peke yake haitoshi. Omba rangi ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha bati na kulinganishwa na gari juani.

Kabla ya kuacha gari, lipige picha pande zote na uandike vifaa vilivyomo. Ukiamua kubadili rangi kabisa, fahamu kwamba rangi ni sehemu ya maelezo yaliyomo kwenye kadi ya gari. Mabadiliko hayo hayana budi kuripotiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, ili kadi na gari vilingane.

Kupokea gari

Usipokee gari usiku wala chini ya taa. Litazame mchana, likiwa kavu na safi. Angalia kama kuna matone yaliyotiririka, vumbi lililonasa, uso wenye vinundu mithili ya ganda la chungwa, au rangi iliyorukia vioo na matairi. Simama hatua chache kutoka kwenye gari na ulinganishe sehemu mpya na ya zamani. Kasoro zote ziandikwe kabla ya kumaliza malipo, na udai risiti ya EFD. Rangi mpya isipakwe nta kabla haijakauka kikamilifu; mwulize fundi muda unaotakiwa, ambao kwa rangi nyingi ni kati ya siku 30 na 60.

Ukinunua gari lililotumika

Rangi mpya kwenye gari kuukuu si sifa peke yake. Huenda imeficha ajali au kutu. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini itashika bati vizuri, lakini italegea penye puti nene. Kipimo hiki hakifai kwa bampa za plastiki wala sehemu za aluminiamu. Ukiona dalili, muulize muuzaji na umpeleke fundi wako alikague gari kabla ya kulipa.

Kazi ikiharibika

Rudi gereji mapema, ukiwa na makubaliano, risiti na picha, na uwasilishe lalamiko kwa maandishi ukitaja unachotaka: kurekebishiwa au kurejeshewa fedha. Usilipeleke gari kwa fundi mwingine kabla ya kuhifadhi ushahidi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji kuhusu bidhaa au huduma anayouziwa. Mtumiaji aliyehifadhi karatasi zake huwa na la kuonyesha pindi anapodai haki hiyo. Asiyekuwa nazo hubaki na neno lake dhidi ya neno la fundi.