Vibarua Wadogo wa Damu

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora na pembe ya ndovu begani, akielekea Bagamoyo, alikuwa na maadui wawili waliokuwa wadogo kuliko simba, na wadogo kuliko vita vya Mirambo vilivyofunga njia mwaka 1871. Mchana palikuwa na mwiba, na usiku kambini palikuwa na papasi. Mwiba ulimchoma wayo, damu ikatoka, ikaganda. Kesho yake mguu ukavimba, ukawa mwekundu, ukawaka moto. Papasi alimwuma usingizini asijue, na baada ya siku kama saba homa kali ikampata, ikamwacha, ikamrudia. Mtu angedhani ya kwamba mambo haya mawili hayahusiani hata kidogo. Kumbe yanahusiana, na kiungo chake ni kitu ambacho wengi wetu hatujapata kusikia jina lake.

Kitu hicho huitwa chembe sahani. Ni vipande vidogo mno, visivyo na kiini, vinavyomeguka kutoka katika chembe kubwa zilizomo ndani ya uboho wa mifupa. Katika milimita moja ya ujazo ya damu ya mtu mzima mwenye afya mna chembe hizo kati ya 150,000 na 450,000, nazo huishi siku 7 hadi 10 tu. Zamani tukiwa shuleni tulifundishwa ya kwamba damu huganda kwa kupigwa na hewa, nasi tukayaandika hayo kwa wino mzuri katika madaftari yetu. Lakini tangu mwaka 1882 tabibu wa Kiitalia, Giulio Bizzozero, alikwisha kuonyesha ya kwamba mshipa ukijeruhiwa, chembe sahani ndizo za kwanza kufika na kushikamana pale penye tundu.

Zikifika hazikai bure. Hubadili umbo, hutoa mikono, hushikana, na humwaga vitu vilivyofungwa ndani yake kama mpagazi afunguaye mzigo. Baadhi ya vitu hivyo husaidia kusuka nyuzi zinazofanya donge la damu. Vingine ni wito: huziita chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, zije kupambana na vijidudu vilivyoingia pamoja na mwiba. Mishipa midogo hulegea, maji ya damu huvuja nje, na hapo ndipo tunapoona uvimbe na joto na maumivu. Chembe nyeupe nazo hulipa wito kwa wito, kwani baadhi yake hurusha nyavu nyembamba za kuvinasa vijidudu, na nyavu hizo huzinasa chembe sahani vilevile, damu ikazidi kuganda. Basi kuziba tundu na kupigana na adui ni kazi mbili zenye kibarua mmoja, na mwenye kuianza moja huiamsha ya pili. Katika jeraha dogo hiyo ni heri. Ugonjwa ukienea katika damu yote huwa ni balaa, maana mapigano hufanyika kila mahali kwa mara moja.

Twarudi kwenye njia ya misafara. Papasi hukaa katika nyufa za kuta na vumbi la sakafu ya udongo, na tembe za Unyamwezi na Ugogo zilimfaa sana. Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, alikwisha kuandika habari za kuumwa na mdudu huyo katika kitabu chake cha mwaka 1857. Mwaka 1905 daktari Mdachi, Robert Koch, aliwakuta papasi katika vituo vya kupumzikia misafara, akaona vijidudu vya homa hata ndani ya mayai yao. Mwaka huohuo Mwingereza Joseph Everett Dutton, aliyekuwa akiichunguza homa hiyo huko Kongo, aliambukizwa akafa Kasongo, nchi ya Manyema, mbele ya njia ile ile ipitayo Tabora na Ujiji. Kijidudu chenyewe kimepewa jina lake. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na wapagazi wakatua mizigo. Papasi hakupanda gari, alibaki palepale. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Hospitali ya Mvumi, Dodoma, walikuwa wangali wakiwatibu watoto na wajawazito wenye homa ya papasi.

Mgonjwa wa homa hii aweza kutokwa na damu puani. Kwa nini? Kwa sababu chembe sahani zake zimepungua. Majaribio yaliyofanywa kwa panya, kwa kutumia kijidudu cha jamii hiyohiyo kitokacho Marekani, yalionyesha ya kwamba kijidudu hujibandika juu ya chembe sahani, nazo huondolewa katika damu pamoja naye. Katika malaria pia hupungua, na hapo zina sura mbili. Mwaka 2009 wataalamu walionyesha ya kwamba chembe sahani huweza kuviua vimelea vya malaria ndani ya chembe nyekundu. Lakini uchunguzi wa watoto waliokufa kwa malaria ya ubongo nchini Malawi, uliotolewa mwaka 2003, ulizikuta zimejazana katika mishipa midogo ya ubongo. Kibarua yuleyule, kazi ileile. Mahali ndipo palipoharibika.

Yafaa basi kusema neno juu ya aspirini, ambayo wengi huimeza mara tu kichwa kinapogonga. Dawa hiyo huzizuia chembe sahani kwa muda wote wa maisha yake, na kwa sababu hiyo madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Mwenye homa isiyojulikana, tena anayetokwa na damu puani au penye fizi, asiiguse kabla ya kupimwa. Na atakapofika zahanati aseme kama alilala katika nyumba ya sakafu ya udongo, kwa sababu kipimo cha haraka cha malaria hakikioni kijidudu cha papasi. Darubini hukiona, hasa damu ikichukuliwa wakati homa imepanda.