Mwalimu Mkuu Ameenda Semina: Sisi Tumepata Nini?



Shule zikifungwa Aprili au Agosti, husikika neno moja: "Mwalimu mkuu ameenda semina." Kwa shule nyingi ndogo za kanisa, ada na nauli hutoka kwa karo na michango yetu. Halafu mwalimu anarudi na cheti, shule inafunguliwa, na hakuna anayeuliza kitu. Hebu tuone semina hizi ni za nini, na kikundi kifanye nini ili pesa zake ziwafikie watoto.

SEMINA NI ZA NINI?

Mtu husomea ualimu ili afundishe darasani. Siku anapofanywa mkuu wa shule anapewa kazi nyingine kabisa: kutunza pesa, kuongoza walimu, kusikiza wazazi, kufuata sheria. Kwa sababu hiyo serikali ya Kenya ilianzisha KESI mwaka wa 1981, chuo cha kufundisha wasimamizi wa elimu, ambacho leo kinaitwa KEMI. Wakuu wa shule za sekondari nao hukutana kila mwaka, mara nyingi Mombasa.

Makanisa pia huwaita wakuu wa shule zao. Huko huongezwa swali moja zaidi: shule yetu ni ya Kikristo kwa nini? Ni kwa jina lililoandikwa getini, ama ni kwa vile mtoto wa maskini anavyopokelewa?

Na mambo yamebadilika haraka. Mtaala mpya ulianza 2019. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023. Mkuu asiyekutana na wenzake atabaki nyuma, na watoto wetu watabaki naye.

TUANGALIE ATHI RIVER

Eneo la viwanda la EPZ Athi River liko papa hapa Machakos, chini ya sheria ya mwaka 1990. Wengi wetu tuna binti au kijana anayeshona nguo huko. Anapanga chumba kimoja, na mtoto wake anasoma shule ndogo iliyo karibu, ama ameachwa na nyanya kijijini.

Tuseme mkuu wa shule kama hiyo amefundishwa semina kwamba wazazi washirikishwe. Fundisho ni zuri. Lakini akiita mkutano Jumanne saa nne asubuhi, mama wa kiwandani hawezi kuja. Yuko kwenye zamu, na akitoka anahofia mshahara au kazi yenyewe. Mkutano utakuwa na viti vitupu, na mkuu atasema wazazi hawajali.

Mkuu aliyeelewa ataita mkutano Jumapili baada ya ibada. Atapokea karo kidogo kidogo baada ya mshahara wa mwisho wa mwezi. Atapanga mtu wa kupokea watoto mapema, kabla mama hajaingia kiwandani. Na atafikiria mara mbili kabla ya kumrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya karo, maana nyumbani hakuna mtu. Mtoto huyo atarandaranda mtaani hadi jioni. Fundisho la semina likifika hapo, limefika.

KABLA YA KUCHANGA

Chukua mfano huu. Kikundi kina watu 30. Semina inahitaji shilingi 9,000, yaani kila mtu 300. Kwa mama anayeuza mboga, hiyo si pesa ndogo. Kwa hiyo ulizeni mapema:

1. Semina inafundisha nini, na shule yetu ina shida gani inayohusiana na hilo?
2. Nani anaenda? Huenda naibu au mweka hazina ndiye anayehitaji zaidi.
3. Atatuletea ripoti siku gani?

Kuuliza si ujinga, wala si kumkosea mwalimu heshima.

BAADA YA SEMINA

Ripoti isiwe ya kusoma ratiba. Mkuu aseme mambo matatu tu: nimejifunza nini, nitabadilisha nini muhula huu, na ninahitaji msaada gani kutoka kwenu. Katibu aandike. Risiti ziletwe, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Muhula ukiisha, daftari lifunguliwe tena tuone kilichofanyika.

Kama shule yenu ni ya serikali na kanisa ndilo mfadhili, mna mlango mwingine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaweka katika halmashauri ya shule watu 6 waliochaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii, na watu 3 wa mfadhili. Wajueni watu hao. Wao ndio wa kuuliza kwa niaba yenu.

Njia hii si ngeni kwetu. Mafunzo ya DELTA, yaliyoanzishwa Kenya miaka ya 1970 na Anne Hope na Sally Timmel, yalifanywa kwa awamu. Watu walijifunza, wakarudi kwao kujaribu, kisha wakakutana tena kueleza yaliyofaulu na yaliyoshindikana. Semina ya siku tatu isiyofuatwa na chochote husahaulika upesi. Ikiwa waandaaji hawana awamu ya pili, kikundi chenyewe kinaweza kuwa awamu hiyo, pale mnapokaa na mkuu na kuuliza, "Ulisema utafanya hivi. Imekuwaje?"

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mkuu wa shule yetu alienda semina lini mara ya mwisho? Nini kilibadilika?
2. Mikutano ya wazazi hufanywa saa ngapi? Ni akina nani hukosa kila mara, na kwa nini?
3. Mtoto akirudishwa kwa karo, anaenda wapi siku hiyo?
4. Tutaanza na jambo gani moja muhula ujao, na nani atalifuatilia?