Biashara Haina Likizo ya Uzazi: Panga Pesa Kabla Mtoto Hajafika

Kama unauza mitumba, unazijua saa za Gikomba. Bale inakatwa alfajiri, watu wameshaizunguka, na kamera zote zimechukuliwa kabla jua halijatoka vizuri. Ukifika saa tatu unabaki kuchagua zile wenzako wamekataa. Sasa fikiria mama aliye na mtoto wa wiki tatu, ameamka mara nne usiku kunyonyesha, mgongo bado unauma. Huyo atafikaje pale saa kumi na moja?

Hatafika. Na si kosa lake. Biashara ikiwa na mtu mmoja tu anayejua kuchagua nguo, kuongea na wateja na kushika pesa, huyo mtu akilala, biashara nayo inalala. Kwa hivyo hatutakudanganya kwamba mauzo hayatashuka mtoto akija. Yatashuka. Kinachoweza kupangwa ni yatashuka kwa muda gani, na kama pesa ya stoki bado itakuwepo siku utakayorudi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Baba aliyeajiriwa anapata wiki mbili, pia kwa malipo. Lakini wewe mwenye kibanda, saluni, jiko la chapati au duka la WhatsApp, mwajiri wako ni wewe mwenyewe, na huyo mwajiri mara nyingi hajaweka chochote kando. (Na tafadhali, tusianze ile stori ya nyanya aliyejifungua asubuhi na jioni akaenda kulima. Nyanya alikuwa na dada zake watano pale bomani wakimpikia uji.)

Jilipe likizo yako mwenyewe

Anza na hesabu moja tu: nyumba yako inakula pesa ngapi kwa wiki? Si biashara, nyumba. Kodi ukiigawanya kwa wiki, chakula, stima, maji, nauli, karo kama kuna mtoto mwingine. Tuseme ni shilingi 4,000. Ukitaka kupumzika wiki nane bila kugusa mtaji, unahitaji 32,000.

Inaonekana nyingi, tunajua. Lakini ukianza kuweka ukiwa na mimba ya miezi mitatu hivi, una karibu wiki 24 mbele yako. Hiyo ni kama shilingi 1,350 kwa wiki, yaani 225 kwa siku ukifanya kazi siku sita. Na kama utamwacha mtu kwa kibanda, na baada ya kumlipa na kununua stoki bado kinakuletea 2,000 kwa wiki, basi unahitaji kuweka nusu tu. Umechelewa, uko miezi saba tayari? Weka unachoweza, halafu punguza wiki za mapumziko ukijua ni ngapi. Ni afadhali wiki nne ulizozilipia kuliko nane unazokopa.

Pesa hiyo usiiweke kwa laini ile ile unayolipwa na wateja. Iweke kwa akaunti ya akiba iliyofungwa hadi tarehe fulani, na tarehe hiyo iwe wiki mbili kabla ya ile daktari aliyokupa, kwa sababu watoto hawasomi kalenda. Chama pia kinafaa. Ukiwa kwa merry-go-round, omba zamu yako iwe mwezi wa kujifungua. Wanachama wengi watakubali ukiwaambia mapema, ukiwaambia ukiwa wodini watakuwa wameshagawana.

Kuna gharama moja ambayo wengi wanaisahau mpaka siku ya siku, nayo ni bima. Kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, anayejiajiri anachanga asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, na haipungui shilingi 300 kwa mwezi. Tofauti na aliyeajiriwa anayekatwa kila mwezi, wewe unatarajiwa kulipa ya mwaka mzima mbele. Hata kwa kiwango cha chini kabisa hiyo ni 3,600 kwa mara moja. Iingize kwa hesabu mapema, usiitafute ukiwa na uchungu.

Usimpe mtu PIN, hata dada yako

Hapa ndipo tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapoona watu wakiumia.

Hadithi huwa inaenda hivi. Mama ana laini moja. Wateja wanalipa kwa hiyo, mume anatuma pesa ya matumizi kwa hiyo, shangazi anatuma pongezi ya mtoto kwa hiyo. Siku ya kwenda hospitali anamwachia mdogo wake simu na PIN ili wateja wasikose kuhudumiwa. Mdogo wake ni mtu mwaminifu, ameokoka, hakuna shaka. Wiki sita baadaye mama anarudi, anakuta stoki imeisha na kwa simu kuna shilingi 740.

Nani amekula? Labda hakuna mtu. Labda diapers, teksi ya hospitali, nyama ya wageni waliokuja kuona mtoto na nauli waliyopewa kurudi ushago zote zilitoka kwa pesa ya nguo, hamsini hamsini, mia mia. Lakini hakuna anayeweza kuonyesha. Basi maneno yanaanza, mdogo mtu analia, mama mzazi anaingilia kati, na undugu unaingia doa kwa sababu ya hesabu ambayo haikuwahi kuandikwa. Mtaji unaweza kurudishwa kwa miezi kadhaa. Hilo lingine huchukua muda mrefu zaidi.

Ukimpa mtu PIN yako unamwekea mzigo hata yeye. Pesa ikipotea, hata kama ni tapeli aliyempigia simu, hawezi kujitetea.

Njia iliyo safi ni kutenganisha. Pesa ya biashara iingie kwa nambari ya Till, iliyoandikwa kwa kadi kubwa pale kibandani. Halafu mwongeze msaidizi wako kama mhudumu wa hiyo Till. Akiwa mhudumu, anaona malipo yakiingia kwa simu yake mwenyewe, anajua mteja amelipa kweli, anampa nguo yake. Kutoa pesa hawezi. Anayetoa ni wewe, ukiwa kitandani na mtoto kifuani. Stoki ikihitajika, unamlipa muuzaji wa bale moja kwa moja kutoka kwa Till, na rekodi inabaki.

Hii pia inakulinda na meseji bandia. Matapeli wanajua kibanda kilichoachwa na mtu mgeni wanapokiona. Mteja anachagua nguo za 1,800, anaonyesha kwa simu yake meseji inayofanana kabisa na ya malipo, anaondoka. Mwambie msaidizi wako sheria moja tu: hatuamini meseji ya mteja, tunaamini ile iliyoingia kwa simu yetu. Na yule anayepiga akisema ametuma pesa kwa nambari yako kimakosa, kwamba umrudishie haraka? Msirudishe kitu kabla ya kuangalia salio. Kama kweli alikosea, aanzishe urejesho kwa mtandao wake. Mama aliyelala saa mbili usiku mzima huwa hana nguvu ya kubishana, na wao wanalijua hilo.

Msaidizi mlipe. Hata akiwa ndugu. Ukimlipa kwa siku, lipa jioni ile ile kutoka kwa Till. Ukitaka auze kwa bidii, mpe kiasi kidogo cha siku pamoja na asilimia ya mauzo. "Nitakushukuru baadaye" ndiyo mwanzo wa mtu kujishukuru mwenyewe kwa mkoba wako.

Saa nane usiku na simu mkononi

Ukinyonyesha usiku, kitu kilicho karibu ni simu. Na kwa simu kuna mkopo, dakika moja tu. Hatusemi mkopo ni mbaya, sisi wenyewe tunatoa huduma hizo. Lakini ile ya kukamilisha malipo wakati salio halitoshi ina ada ya kila siku, na imetengenezwa kwa shida ya siku moja mbili: umepungukiwa mia mbili kwa kaunta, unajaza, kesho unalipa. Kuitumia kununua maziwa na diapers kwa wiki sita wakati hakuna mauzo yanayoingia ni kuchimba shimo. Kila senti inayoingia kwa laini inakatwa kwanza, na pongezi ya shangazi inaenda kulipa deni.

Kama ni lazima ukope, kopa kwa ajili ya stoki itakayouzwa, na ujue ni lini itauzwa. Kwa matumizi ya nyumba, tafuta kwingine: chama, baba mtoto, hata kumwomba mwenye nyumba akupe wiki mbili zaidi. Aibu ya dakika tano haina ada ya kila siku.

Kurudi polepole

Kenya ina ratiba ya chanjo inayojulikana: baada ya zile za kuzaliwa, mtoto anarudi kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, halafu miezi 9. Siku hizo huwa hazina mchezo, unaweza kukaa kwenye foleni mpaka saa saba, na jioni mtoto ana homa kidogo anataka kubebwa tu. Ziandike kwa kalenda ya biashara leo kama siku za kufunga. Usiahidi oda siku hiyo wala kesho yake.

Wataalamu wa afya wanashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Kwa mama wa biashara hiyo inamaanisha mambo mawili: kuja na mtoto, au kukamua. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yakiwekwa kwa chombo safi kilichofunikwa hukaa hadi saa 4 kwa joto la kawaida la chumba, lisilozidi nyuzi 25. Kwa friji hukaa hadi siku 4. Nairobi mwezi wa Julai saa 4 ni sawa. Mombasa mwezi wa Februari usijaribu bila friji. Wauguzi wengi watakwambia umpe kwa kikombe badala ya chupa, kwa sababu kikombe ni rahisi kuosha kikawa safi kabisa.

Kwa hivyo hesabu yako ya kurudi ianzie kwa saa 4. Kama kwenda Gikomba, kuchagua na kurudi kunachukua saa tano, basi kwa sasa si wewe wa kwenda. Kuna wauzaji wanaokuchagulia, wanakutumia picha, unalipa kwa simu, mzigo unakuja na boda. Ndiyo, faida inapungua, labda shilingi thelathini kwa kila nguo, na utaletewa moja mbili ambazo usingeshika ungekuwa pale mwenyewe. Kwa miezi mitatu ichukulie kama gharama ya yaya. Wateja wa stetasi hawajali nani alichagua, wanajali kama nguo ni safi na kama unajibu. Weka saa za kujibu: tunajibu saa nne hadi saa sita, na jioni baada ya saa moja. Watu wanazoea haraka kuliko unavyodhani.

Na kama baba mtoto ameajiriwa, zile wiki mbili zake asizitumie zote siku mtoto anazaliwa, wakati nyumba imejaa mama na mashangazi. Aongee na mwajiri mapema kama anaweza kubakisha hata siku chache za mapumziko kwa ile wiki unayorudi kazini. Hapo ndipo mikono huwa imeisha.

Kufungua Till, beba kitambulisho chako cha kitaifa na laini iliyosajiliwa kwa jina lako, si la mume wala la kaka. Fanya hivyo ukiwa bado unaweza kutembea hadi kwa wakala bila kupumzika njiani, ili upate wiki chache za kumwona msaidizi akiitumia ukiwa pale pale kando yake.