Luku moja, wapangaji watatu: gharama iliyojificha

KATIKA nyumba nyingi za kupanga jijini Dar es Salaam, familia kadhaa hutumia mita moja ya Luku na kuchangishana fedha kila umeme unapokatika. Ugomvi huzuka juu ya nani atoe kiasi gani. Pasi ndiyo hushutumiwa kwanza, na si kwa uonevu: pasi ya wati 1,000 humaliza uniti moja kwa saa moja, ilhali taa ya wati 10 huchukua saa 100.

Hata hivyo, hasara kubwa haiko katika mgawanyo huo, bali katika mita yenyewe.

Kwa bei zilizopangwa na Ewura mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh100 kwa uniti. Mteja wa kundi la T1 hulipa Sh292. Ikijumlishwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini ya asilimia 3 na ya Ewura ya asilimia 1, bei hizo huwa Sh122 na Sh356.24.

Chukua familia tatu, kila moja ikitumia uniti 50. Zikiwa na mita tatu za D1, kila familia italipa Sh6,100 kwa mwezi. Zikichangia mita moja, matumizi hufika uniti 150, mita huangukia T1, na kila familia hulipa Sh17,812. Unafuu uliokusudiwa kwa wenye kipato kidogo huwapita kwa sababu tu wanaishi chini ya paa moja.

Mita ndogo za ndani, ambazo mafundi wa mitaani huzifunga kila chumba, huonyesha nani katumia nini. Hazibadilishi bei.

Kwa nini basi mwenye nyumba haombi mita zaidi? Mwaka 2022 ada ya kuunganishiwa umeme mijini, pasipo kuhitaji nguzo, ilirejeshwa kuwa Sh320,960. Mita mbili za ziada ni Sh641,920. Wapangaji hao wangeokoa Sh35,136 kwa mwezi, hivyo fedha hizo zingerudi katika miezi 19 hivi. Lakini anayetoa fedha ni mwenye nyumba, na anayeokoa ni mpangaji, ambaye huenda akahama kabla ya hapo.