Wavulana Watatu wa Mulberry Street: Tunapompiga Picha Maskini, Tunamsaidia au Tunamwanika?

Hivi karibuni, baada ya swala ya Alasiri, tuliketi na watoto wa madrasa moja hapa Ilomba, jijini Mbeya. Tuliwaonesha picha ya zamani isiyo na rangi, tukawaomba watueleze wanachokiona.

Walianza na yaliyo dhahiri. Wavulana watatu. Miguu pekupeku. Nguo zimechakaa. Wamejibanza kwenye kona ya ukuta, vichwa vimeegemeana, macho yamefumbwa. "Wanasikia baridi," akasema mmoja, na wenzake wakaafiki bila ubishi, kwani anayeamka Alfajiri Ilomba mwezi wa Julai haelezwi baridi ni nini. Kisha binti mdogo akamgeukia mwalimu wake: "Ustadhi, aliyewapiga picha aliwapa blanketi?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Mpiga picha na zama zake

Picha hiyo ilipigwa katika mtaa wa Mulberry, mjini New York, Marekani, karibu na mwaka 1890. Aliyeipiga ni Jacob Riis, mzaliwa wa Denmark wa mwaka 1849, aliyehamia Marekani mwaka 1870. Miaka yake ya mwanzo huko ilikuwa ya dhiki, hata akalala katika vyumba vya vituo vya polisi walimohifadhiwa wasio na makazi. Alipokuja kuwa mwandishi wa habari za polisi, hakuusahau umaskini alioupitia.

Mwaka 1887 alipata habari za unga wa magnesiamu unaotoa mmweko mkali, akaanza kuingia usiku katika vyumba vya kupanga visivyo na madirisha, walimolala watu wamebanana. Mwaka 1890 alitoa kitabu kuhusu maisha hayo, na picha zake akazionesha katika mihadhara mingi. Matajiri waliokuwa wakidai hawajui hawakuwa tena na udhuru.

Matunda yalionekana. Vyumba vile vya polisi vilifungwa mwaka 1896, wakati Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa Rais, akiiongoza bodi ya polisi ya mji huo. Sehemu mbaya kuliko zote ya mtaa wa Mulberry ilibomolewa, na mwaka 1897 pakafunguliwa bustani ya umma. Mwaka 1901 ikapitishwa sheria iliyotaka nyumba mpya za kupanga ziwe na hewa, mwanga na vyoo.

Upande wa pili

Hata hivyo, picha hiyo ina mengine ya kusomwa. Wachunguzi wengi wanaamini kuwa wavulana wale walipangwa, wakaambiwa wajifanye wamelala. Riis mwenyewe alieleza kuwa vijana wengine aliwapa sigara ili wakubali kupigwa picha. Umaskini wao ulikuwa wa kweli. Usingizi huenda haukuwa. Aidha, mtu huyo aliyewahurumia maskini aliandika kwa dharau juu ya Wachina, Wayahudi na Waitaliano waliokuwa miongoni mwao.

Tena kuna jina la picha. Watoto wale wanaitwa humo "Waarabu wa mitaani". Ndivyo wasemaji wa Kiingereza wa zama hizo walivyowaita watoto wasio na makazi, kwa kumdhania Mwarabu kuwa mtu wa kutangatanga asiye na kwao. Hivyo picha moja ilibeba dharau mbili: kwa mtoto maskini, na kwa umma mzima ulioko mbali. Majina ya wavulana wenyewe hayakuandikwa.

Na sisi je?

Mama mmoja wa Ilomba alitusimulia kwamba Ramadhani moja mwanawe yatima alipigwa picha akipokea mfuko wa unga. Picha ikasambaa katika simu za watu hadi kwa wanafunzi wenzake. Unga uliliwa ukaisha, picha haikuisha. Mwaka uliofuata mtoto alikataa kwenda kupokea, akasema bora alale na njaa.

Hatusemi kuwa kamera ni haramu kwa sadaka. Wanaotoa wana haki ya kujua kwamba amana yao imefika. Lakini magunia yanaweza kupigwa picha bila nyuso, na orodha yenye sahihi ikatosha kuwa ushahidi. Panapohitajika uso, aombwe mzazi kwanza, na akikataa apewe haki yake vilevile. Suratul Baqara inatufundisha kuwa sadaka ya wazi ni njema, na ile ya siri kwa mafukara ni bora zaidi. Inatuonya tusiibatilishe kwa masimbulizi na maudhi. Na inatukumbusha wale wanaodhaniwa matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao kuomba.

Tena tujifunze kutoka New York: manufaa yaliyodumu yalikuwa dirisha, choo na bustani. Nasi tuna zaka na waqfu, njia za kumtoa mtu katika uhitaji badala ya kumrejesha kwenye foleni kila mwaka.

Wazazi, mtoto wenu akiwaonesha picha ya fukara kwenye simu, msiipite haraka. Muulizeni anaona nini, nani aliipiga, na mwenye uso ule angependa ionekane na nani. Kisha mwacheni naye aulize. Yule binti wa madrasa alituuliza habari za blanketi, na kila aliyeshika kamera mbele ya mhitaji anapaswa kuwa na jibu.

Wabillahi Tawfiq.