KILEMBA CHA WAJIR
Habari za Maisha ya Bwana Barack Obama

Msafiri atokaye Garissa kwenda Wajir hupita Modogashe, kisha Habaswein, mji ambao jina lake kwa Kisomali maana yake ni vumbi jingi. Mwezi wa Agosti 2006, baada ya ukame ulioua mifugo mingi katika nchi hiyo, alifika Wajir mgeni kutoka Marekani ili aone hali ya wafugaji. Mgeni huyo alikuwa Bwana Barack Obama, mjumbe wa Baraza la Seneti. Wazee walimvika nguo nyeupe na kilemba, kwa kumheshimu.

Bwana Obama alizaliwa Honolulu, Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961. Baba yake alikuwa Mjaluo wa Nyanza aliyekwenda huko kusoma mwaka 1959. Mama yake, Ann Dunham, alikuwa mzaliwa wa Kansas. Mwaka 1985 alikwenda Chicago kufanya kazi katika mitaa ya watu maskini, kisha akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard, akamaliza mwaka 1991. Alichaguliwa kuwa mjumbe wa Seneti ya Jimbo la Illinois mwaka 1996, na wa Seneti ya nchi nzima mwaka 2004.

Katika chama chake cha Demokrati, wengi huamini kwamba yapasa serikali imsaidie mtu aliyepatwa na shida asiyoiweza peke yake. Mfugaji ataelewa jambo hilo upesi, kwani kiangazi kimoja huweza kumaliza kundi lililokusanywa kwa miaka mingi. Kwa Wamarekani wengi ugonjwa ndio uliokuwa kiangazi chao, maana gharama za hospitali zilimaliza akiba ya nyumba nzima.

Mwezi wa Februari 2008, Bwana Obama alipokuwa akigombea urais, picha yake ya Wajir ilienezwa kila mahali. Watu waliompinga waliitumia kuwatia wapiga kura hofu, wakinong'ona kwamba yeye ni Mwislamu kwa siri. Kwa kweli yeye ni Mkristo. Lakini hivyo ndivyo heshima ya wazee ilivyogeuzwa kuwa shutuma. Mwezi wa Oktoba, Jenerali Colin Powell, ambaye alikuwa wa chama kilichoshindana na kile cha Bwana Obama, aliuliza hadharani: hata kama angekuwa Mwislamu, kuna kosa gani?

Tarehe 4 Novemba 2008 Bwana Obama alishinda, akawa Rais wa 44 wa Marekani na mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho. Mwezi wa Machi 2010 alitia sahihi sheria ya bima ya afya, ambayo kwayo watu wapatao milioni 20 walipata bima. Alichaguliwa tena mwaka 2012, akaondoka madarakani Januari 2017.

Kilemba kile, basi, hakikumzuia kufika alikokwenda. Nao wazee wa Wajir hawakuwa na haja ya kuona haya, kwa maana walitenda lililowapasa: mgeni alikuja wakati wa shida, nao wakampokea kwa heshima.