Kitabu Kisicho na Neno, Msomaji Asiye na Lugha

Katika kitabu The Arrival cha Shaun Tan kuna kurasa mbili zisizo na mtu, wala meli, wala bahari. Ni mawingu matupu. Visanduku vidogo vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja na wingu lake: moja jepesi, jingine zito, jingine limechanika vipande. Anayefunua haraka haoni zaidi ya mapambo. Anayetulia hung'amua kwamba safari inaendelea, na kwamba yule bwana aliyepanda meli kurasa chache nyuma hana kingine cha kutazama isipokuwa anga. Hakuna palipoandikwa kwamba siku nyingi zilipita. Siku zenyewe zimewekwa mbele yako.

Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, mwaka wa tatu. Muhula uliopita tulipangiwa hadithi za picha sambamba na riwaya tulizozizoea, na darasa likagawanyika. Wapo waliotaka kujua kwa nini mtu wa chuo kikuu asomeshwe katuni. Tulipofika kwenye vitabu visivyo na hata neno moja, ubishi ulikolea: kukitazama kitabu cha namna hiyo ni kusoma kweli? Nasema ni kusoma, tena kusoma kunakochosha kuliko riwaya nyingi, kwa sababu hakuna msimulizi wa kukushika mkono.

Tan ni Mwaustralia, na The Arrival kilitoka mwaka 2006. Baba yake alitoka Malaysia akaenda Australia Magharibi mwaka 1960 kusomea usanifu wa majengo. Hadithi yenyewe ni ya mwanamume anayefunga sanduku na kumwacha mkewe na binti yao katika mji ambao juu ya mitaa yake hutambaa kivuli cha mkia mkubwa wenye miiba. Anafika jiji ambalo kila kitu humo ni kigeni: matunda, wanyama, saa, hata maandishi ya mabango. Maandishi hayo Tan aliyatengeneza kwa kukata herufi za Kirumi vipande vipande na kuviunganisha upya, hivyo macho huhisi yanazijua, kisha yanakwama.

Hapo ndipo kitabu kiliponinasa. Bwana yule hawezi kusoma kilichoandikwa ukutani, na mimi pia siwezi. Laiti Tan angeweka sentensi moja ya Kiingereza chini ya picha, mimi ningekuwa na lugha na mhusika hana. Ningemwangalia kutoka juu na kumwonea huruma. Ukimya umetuweka kwenye kiti kimoja. Anapopewa kazi ya kubandika mabango akayabandika kichwa chini miguu juu, sikuweza kumcheka, maana upande wa juu hata mimi nisingeujua. Anapotaka chakula na mahali pa kulala, anatoa kalamu na kuchora. Mtu aliye ndani ya picha anaokolewa na picha.

Nilizaliwa Kasulu, mkoani Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita, iko kwetu. Mwaka 2015, nikiwa shule ya msingi, Warundi walivuka mpaka kwa maelfu hadi kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika. Meli ya MV Liemba iliwasafirisha hadi Kigoma mjini, na kutoka hapo mabasi yakawapeleka Nyarugusu. Tuliyaona yakipita, magodoro yamefungwa juu, watoto wamebanana madirishani.

Nilipofika kwenye kurasa za ukaguzi katika The Arrival, nilikaa nazo muda mrefu. Yule bwana anapangwa foleni, anakaguliwa macho na kifua, anabandikwa vikaratasi kwenye koti. Kisha vinafuata visanduku vidogo vya uso wake peke yake: anaeleza kwa mikono, anashika kichwa, anainama, anaonyesha picha ya familia. Maofisa hatuwaoni. Sisi wasomaji ndio tumewekwa mahali pao, tukimtazama mtu anayejieleza nasi hatumwelewi. Ukweli wa kwetu ulikuwa na tofauti kidogo. Kiha, lugha ya kwetu, na Kirundi vinaelewana, kwa hiyo Mrundi aliyeshuka Kigoma aliweza kuomba maji akapewa. Kilichomfanya mgeni kilikuwa foleni, fomu na kikaratasi. Nilikuwa nimeyaona hayo utotoni bila kuyaelewa, na ilihitajika hadithi ya mtu wa Perth, isiyo na neno la lugha yoyote, ili nianze kuyaelewa.

Mmarekani Scott McCloud, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu namna hadithi za picha zinavyofanya kazi, alionyesha kwamba mambo makubwa hutokea kwenye nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku. Anachora mtu aliyeinua shoka. Kisanduku kinachofuata ni jiji usiku na ukelele. Mchoraji hakuchora pigo. Msomaji ndiye aliyelishusha lile shoka, na kila msomaji alilishusha kwa namna yake.

Jambo hilo nililishuhudia bwenini. Katika The Arrival kuna mwanamume anayesimulia jinsi yeye na mkewe walivyokimbia majitu yaliyofunikwa nyuso, yanayopita mjini na mashine za kufyonza watu. Mwenzangu wa chumba, aliyekulia jijini, alinisimulia kurasa zile kama bomoabomoa: majitu ni matingatinga, na watu wanakimbilia mifereji. Mimi niliona vita vya ng'ambo ya ziwa. Tulirudi kwenye ukurasa kutafuta ushahidi, kidole juu ya mchoro, kama tunavyorudi kwenye ubeti wa shairi tunapobishana darasani. Kama hilo si zoezi la fasihi, sijui zoezi la fasihi ni lipi.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaosema picha zikikosa maneno ndiyo huwa sanaa ya juu. Nyumbani kwetu mjomba alikuwa na rundo la magazeti ya katuni ya Sani, na Kiswahili cha mjini nilijifunza kwa wahusika wake Ndumilakuwili na Lodi Lofa kabla sijafika mjini. Utamu wa wale jamaa umo vinywani mwao: majigambo, mafumbo, uongo unaosemwa kwa sauti kubwa. Ndivyo alivyokuwa pia Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Ukiwafunga midomo umewaua.

Barly Baruti, mchoraji mzaliwa wa Kisangani, amenifundisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Mwaka 2014 yeye na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie walitoa Madame Livingstone, hadithi ya Vita Kuu ya Kwanza. Rubani wa Kibelgiji anatumwa Ziwa Tanganyika kuisaka meli ya kivita ya Wajerumani, Graf von Götzen. Anayepewa kumwongoza ni chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kujinadi kuwa mtoto wa David Livingstone. Madai kama hayo huwezi kuyachora. Lazima mtu ayatamke, mwingine ayatilie shaka, na msomaji abaki akipima. Halafu kuna meli yenyewe. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba. Ndiyo hiyohiyo iliyobeba dagaa na mananasi ya watu wetu, na ndiyo iliyowaleta Warundi wa mwaka 2015. Kuiona kwenye karatasi ikiwa windo la vita kulinisisimua mwili mzima.

Kabla ya hao wote, kwenye hadithi zisizo na maneno, alikuwepo Frans Masereel, Mbelgiji aliyekaa Geneva wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akichora katuni za kuvipinga. Mwaka 1919 alitoa Mon livre d'heures, picha 167 zilizochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, picha moja kila ukurasa. Kijana anashuka kwenye treni, anaingia jijini, anapenda, anapigwa, anacheka, anakasirika, anakufa, na mifupa yake inaendelea kutembea kati ya nyota. Nilifika katikati ndipo nikagundua kwamba hana jina na sijalihitaji. Hapa ukimya una kazi nyingine. Mfaransa na Mjerumani walikuwa wametoka kuuana kwa miaka 4. Kitabu hiki kingeweza kupita mikononi mwa wote wawili bila mtu kuuliza kimeandikwa kwa lugha ya nani. Toleo la Ujerumani lilipata dibaji ya Thomas Mann.

Mmarekani Lynd Ward alikutana na kazi za Masereel alipokuwa akisoma Leipzig, akarudi kwao na kutoa Gods' Man mwezi Oktoba 1929, wakati uleule soko la hisa la New York lilipoporomoka. Wengi hukisifu. Ufundi wake wa kuchonga hauna mfano, lakini hadithi ya msanii anayeiuza roho yake kwa brashi ya ajabu haikunigusa. Kila picha inapiga kelele, na wanawake wake ni vishawishi au malaika, basi. Vertigo cha mwaka 1937, chenye msichana, mvulana na mzee waliobanwa na anguko la uchumi, kinawapa watu wake nafasi ya kupumua.

Ubishi wetu wa mwisho darasani ulikuwa juu ya mwisho wa The Arrival. Mke na binti wanaletwa, familia inakula pamoja, na siku moja yule binti anamkuta mgeni mwenye sanduku barabarani akamwonyesha njia. Mwanafunzi mmoja alisema ni utamu uliopita kiasi. Nakubaliana naye nusu. Jiji la Tan linampokea kila mtu: jirani anakualika chakula, kazi inapatikana. Nyarugusu kuna watu waliozaliwa kambini na kupata watoto humohumo, na sheria yetu ya wakimbizi ya mwaka 1998 inawataka wakae humo. Hadithi yao haijafika kwenye kurasa za mwisho za Tan.

Nakitaka kitabu chao. Nacho nisingependa kiwe bubu, kwa sababu bwana wa Tan alinyamaza kwa kukosa lugha, na pale lugha zimejaa: Kirundi, Kibembe, Kifaransa, Kiswahili cha Kongo na chetu, zote zikikutana sokoni. Kichorwe na mtu aliyelelewa humo, kiwe na kurasa za maneno mengi na kurasa za ukimya pale ukimya unapostahili, kichapwe kwa karatasi ya bei nafuu ili Kasulu wakinunue, na kiingizwe kwenye orodha ya fasihi ya kidato cha tano, pamoja na tamthiliya na diwani.